Urithi wa Babu Haujazama Ziwani

*"Shikamoo Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, ninafanya biashara ya dagaa hapa Kirumba Mwaloni, Mwanza. Babu yangu mzaa mama alikuwa mwinjilisti kisiwani Ukerewe kwa miaka mingi, na watu walimfahamu kuwa mtu wa maombi. Mama aliacha kanisa alipoolewa, nasi tulikua tukivalishwa hirizi. Nilirudi kwa Yesu miaka miwili iliyopita, baada ya msiba wa mama. Tangu hapo naomba lakini najisikia mkavu, biashara inayumba, usiku silali, moyo unanienda mbio. Mtumishi mmoja aliyekuja kufanya maombi mtaani kwetu aliniambia kwamba upako wa babu, yaani nguvu za Mungu katika huduma yake, ulikuwa uje kwangu, ila uliibwa na kufungwa ziwani kwenye madhabahu ya ukoo, na aliyeuiba ni mama yangu mkubwa, aliyeishi na babu hadi alipofariki na ambaye bado anayo Biblia yake na madaftari yake. Anataka nilete udongo wa kaburi la babu na sadaka ya ukombozi ya shilingi 700,000, na nisiongee tena na mama mkubwa. Alinisomea Obadia 1:17. Fedha naweza kukopa kwenye kikoba. Je, ni kweli urithi wangu wa kiroho umepotea? Na nikikataa, sitakuwa nimeuza haki yangu kama Esau?"*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba wa mama. Nitaeleza kwa urefu, lakini kwa kuwa vikoba vyetu hukutana kila wiki na huenda umeshaomba zamu yako, nitangulize lililo la haraka: usikope fedha hiyo, usiguse kaburi la babu yako, na usikate mawasiliano na mama yako mkubwa. Ukishayashika hayo matatu, yanayobaki tunaweza kuyazungumza bila haraka.

Umeniuliza maswali mawili, kama urithi wako umepotea na kama kukataa kutakufanya uwe Esau. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona swali la tatu ambalo hukuliandika. Unataka kujua kwa nini umerudi kwa Mungu na bado hujisikii kuwa umefika nyumbani. Nadhani hilo ndilo lililomfungulia mlango yule mtumishi, kwa sababu mtu aliye na njaa haulizi sana chakula kimetoka wapi.

Shida inaanzia kwenye neno lenyewe. Tunaposema "urithi" katika mambo ya imani, huwa tunataja vitu vitatu kwa jina moja. Kuna mali ya marehemu, yaani shamba, nyumba na ng'ombe. Kuna urithi ambao Mungu amewaahidi wote walio ndani ya Kristo. Na kuna urithi wa imani ya wazee wetu, yaani namna walivyoomba, nyimbo walizoimba, mambo waliyoyajua kuhusu Mungu na desturi walizozishika nyumbani. Aliyekuhubiria amevichanganya vitatu hivyo kama dagaa walioanikwa juu ya mchanga: kwa mbali unaona dagaa watupu, ukiwatia mdomoni ndipo unajua. La kwanza nilipite upesi, kwa kuwa hukutaja mgogoro wa mali. Kama upo, mahali pake ni kikao cha ukoo na Mahakama ya Mwanzo, penye muhtasari na mihuri, na hakuna maombi yanayoweza kushika nafasi ya msimamizi wa mirathi.

Kuhusu la pili, nikuulize kitu cha biashara yako. Siku za giza zinapokaribia, kabla mitumbwi haijaingia ziwani na taa, wewe humpa mwenye mtumbwi fedha kidogo ili mzigo wa asubuhi uwe wako. Siku hizi tunasema advansi; wazee wa biashara walisema arabuni. Ukishatoa arabuni, umejifunga mwenyewe, maana ukirudi nyuma, unaipoteza. Sasa fungua Waefeso 1:13 na 14, uone jinsi Paulo anavyosema kwamba waliomwamini Kristo walitiwa muhuri na Roho Mtakatifu, naye Roho huyo ndiye "arabuni ya urithi wetu". Neno hilo limesafiri safari ndefu. Paulo aliandika kwa Kiyunani, lakini Wayunani walilipokea kwa wafanyabiashara wa mataifa ya Kisemiti, yaani yenye lugha za jamii ya Kiebrania na Kiarabu. Katika Kiebrania limo ndani ya Mwanzo 38, pale Yuda anapomwachia Tamari muhuri, kamba na fimbo kama rehani. Na sisi tulilipata kutoka Kiarabu, kwa njia hiyohiyo ya biashara. Ni neno la sokoni tangu mwanzo, nami nadhani mtu wa Mwaloni ana nafasi ya kulielewa kuliko mtu wa darasani.

Angalia basi ni nani aliyetoa arabuni hiyo. Wewe hukuitoa, wala babu yako hakukutolea. Mungu ndiye aliyeitoa, na kwa kuitoa amejifunga yeye mwenyewe. Ndiyo maana Petro anaweza kuandika kwamba urithi huo hauharibiki, hauna uchafu, haunyauki, na umetunzwa mbinguni (1 Petro 1:4). Kitu kilichotunzwa mbinguni hakiwezi kufungwa ndani ya ziwa letu la Victoria, hata na mchawi wa namna gani. Na aya chache baadaye, Petro anayagusa mambo mawili uliyoniandikia kana kwamba ameisoma barua yako: anasema kwamba tulikombolewa "si kwa vitu viharibikavyo, kwa fedha au dhahabu", na kwamba tulichokombolewa kutoka kwacho ni mwenendo usiofaa tulioupokea kwa baba zetu, na bei yake ilikuwa damu ya Kristo. Soma 1 Petro 1:18 na 19 taratibu. Mambo mabaya ya ukoo yametajwa humo, na fedha imetajwa humo, na fedha imekataliwa. Anayekudai 700,000 kwa ajili ya ukombozi anakuuzia kitu ambacho kimeshanunuliwa, na hakukinunua yeye. Petro huyohuyo aliwahi kuletewa fedha huko Samaria na mtu aliyeitwa Simoni, aliyetaka kununua uwezo wa kuwawekea watu mikono wapokee Roho. Jibu alilopewa liko katika Matendo 8:20, nalo si la upole.

Huenda utaniuliza, kwani Biblia haina habari za urithi uliopotea na kurudishwa? Inazo, na ni nzuri mno, lakini zinaenda kinyume na ulivyoambiwa. Katika Israeli ya kale kila ukoo ulipewa fungu lake la ardhi. Mtu akifilisika aliweza kuliachia kwa fedha, ila hakuweza kuliuza moja kwa moja, kwa sababu Mungu alisema kwamba nchi ni yake, na wao ni wageni na wasafiri tu kwake (Mambo ya Walawi 25:23). Ndugu wa karibu alikuwa na haki ya kulikomboa, kama Boazi alivyofanya kwa Naomi na Ruthu. Kama hapakuwa na ndugu mwenye uwezo, mwaka wa 50 ulipofika, mwaka wa yubile, shamba lilirudi kwa wenyewe. Ukitazama vizuri utaona kwamba mtu hakutozwa kitu akiwa bado katika shida ili ardhi yake irudi. Aidha ndugu yake alilipa, aidha alilipa mwenyewe baada ya kuinuka tena, aidha yubile ililirudisha bure. Wakristo tangu mwanzo wamemwona Kristo kuwa huyo ndugu wa karibu aliyelipa. Sijaona mahali popote katika sheria hiyo ambapo aliyefilisika anaagizwa akakope ili akomboe.

Sasa tuje kwenye Obadia. Ni kitabu kifupi kuliko vyote vya Agano la Kale, sura moja yenye aya 21, na nakushauri ukisome chote usiku mmoja, maana aya ya 17, "na nyumba ya Yakobo watamiliki milki zao", imekuwa maarufu katika mikutano ya maombi huku jirani zake ishirini wakiachwa bila kusomwa. Kitabu kinawahusu Waedomu, ambao siku Yerusalemu ilipotekwa walisimama kando wakishangilia, wakashiriki kupora, na wakawakamata waliokuwa wakikimbia. Mungu anaahidi kwamba atawahukumu Waedomu na atawarudisha watu wake kwenye nchi yao. Atakayetenda ni Mungu tangu mwanzo hadi mwisho, na aya ya mwisho inasema ufalme utakuwa wa BWANA. Humo hamna udongo wa kaburi, hamna sadaka, hamna jamaa wa kike anayetajwa kuwa mwizi. Na Waedomu hao, mwanangu, walikuwa uzao wa Esau waliowatendea udhalimu ndugu zao wa damu. Kosa kubwa linalokemewa katika kitabu hicho ni mtu kumgeuka ndugu yake siku ya taabu yake. Ajabu ni kwamba umesomewa kitabu hicho ili umgeuke mama yako mkubwa.

Kuhusu Esau mwenyewe, hofu yako ninaielewa, kwa sababu Waebrania 12:16 na 17 ni maneno mazito, nami sitayapunguza uzito. Lakini tazama alichokifanya. Alirudi kutoka porini na njaa, akaiuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa mkate na chakula cha dengu (Mwanzo 25:29-34), yaani alitoa kitu cha kudumu ili apate nafuu ya jioni moja. Hapa unayekaribia kufanana naye si yule anayekataa kulipa. Ni yule anayekubali kutoa akiba ya watoto wake ili moyo utulie wiki moja. Kisha watu huogopa sana yale machozi, wakidhani Esau alitubu kwa kulia na Mungu akamfukuza. Soma tena kwa sikio la Mswahili. Imeandikwa kwamba "aliitafuta sana kwa machozi". Kama alichokitafuta kingekuwa kutubu, tungesoma "alikutafuta". Ile i inarudi kwenye baraka iliyotajwa mwanzo wa aya, au kwenye nafasi. Katika Kiyunani nako wafafanuzi wamebishana kuhusu kiwakilishi hicho, lakini Mwanzo 27 inatusaidia, kwa kuwa pale Esau anamlilia Isaka ambariki, wala hatumsikii akijutia dharau yake. Alililia hasara. Wewe umerudi ukimlilia Mungu mwenyewe, na mtu wa namna hiyo hajawahi kukataliwa.

Nije kwenye laana za ukoo, maana najua hapo ndipo palipokukaba. Katika Kutoka 20:5 Mungu anasema anawapatiliza wana maovu ya baba zao hata kizazi cha tatu na cha nne cha wamchukiao, na aya inayofuata inazungumzia rehema kwa maelfu wampendao. Karne nyingi baadaye watu walikuwa wameligeuza neno hilo kuwa methali ya kujitetea, wakisema baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yametiwa ganzi, na Mungu akamtuma Ezekieli aizuie methali hiyo. Sura ya 18 yote ni kesi moja: mwana hatachukua uovu wa baba yake. Hata hivyo sitakudanganya kwamba tuliyolelewa nayo hayaachi alama. Mtoto aliyevalishwa hirizi akiwa na homa hujifunza, kabla hajajua kusoma, kwamba kila ugonjwa una mtu nyuma yake. Somo hilo linakaa mwilini. Ukiokoka ukiwa na miaka 34, halitoki siku hiyohiyo, na mhubiri akija na kutaja jina la mtu, linaamka na kuitika. Naliita hilo tabia ya hofu, nalo hutibiwa polepole kwa kweli na kwa watu wema wanaokuzunguka. Ibada moja ya usiku haitoshi, hata ikiwa ya kelele kiasi gani.

Kuna jambo jingine ambalo nataka ulifikirie, hasa kwa kuwa babu yako ni wa Ukerewe. Mwaka 1877 wamishenari wa kwanza Waanglikana walifika pwani ya kusini ya ziwa letu, na Desemba mwaka huohuo wawili kati yao, Shergold Smith na Thomas O'Neill, waliuawa Ukerewe katika ugomvi uliomhusu mtawala wa kisiwa, Lukonge. Wamishenari Wakatoliki wa shirika la Mapadre Weupe nao walifungua kituo Bukumbi, karibu na Mwanza, mwaka 1883. Hiyo ndiyo habari ya imani kuingia upande wetu. Si ya zamani sana. Sasa rudi nyuma kwenye ukoo wako. Babu wa babu yako alitambika. Wazee wake wote walitambika. Kama upako ungepita kwa damu, na kama madhabahu za ukoo zingekuwa na nguvu ya kuuzuia, basi babu yako asingekuwa mwinjilisti hata siku moja, kwa sababu hakuwa na babu Mkristo wa kumrithi, na nyuma yake palijaa madhabahu. Alipata wapi alichokuwa nacho? Alikisikia, akakiamini, akakitenda, na Mungu akampa bure. Mlango alioupitia haujafungwa.

Nisije nikaonekana ninamhukumu mwenzangu tu. Miaka ya mwanzo ya huduma yangu, kabla sijaanza kufundisha Agano la Kale katika chuo cha Biblia, familia moja iliniomba niombee udongo wa kaburi, na mimi, kwa ujana na kwa kupenda kuonekana nina nguvu, nilikubali. Sikutaja jina la mtu yeyote, lakini wao waliondoka wakijua la kutaja. Mjane mmoja wa ukoo ule alihama kijiji msimu huohuo. Nilimwomba radhi baada ya miaka mingi, akanipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Tangu siku hiyo, mtu akitaja neno "udongo" katika maombi, mimi huinuka.

Sasa urithi wa tatu, imani ya babu yako kama alivyoiishi. Huu unaweza kupotea kweli, na kwa kiasi fulani kwenu umepotea. Haupotei kwa kuibwa. Unapotea kama ufundi wa kushona nyavu unavyopotea: mzee anajua, mtoto yuko shuleni au ameolewa mbali, hakuna anayekaa karibu naye jioni, na siku mzee anapozikwa mikono iliyojua inazikwa naye. Hakuna adui aliyeingia, isipokuwa kimya tu. Mama yako alipoondoka kanisani, alichukua na nyimbo na sala na hadithi, akaziweka mahali ambapo ninyi watoto hamkuzifikia, labda kwa aibu, labda kwa uchungu ambao hakuwahi kuusema. Hata kwa taifa zima imewahi kutokea. Katika 2 Wafalme 22, mwaka wa 18 wa mfalme Yosia, kuhani Hilkia alikuta kitabu cha torati ndani ya hekalu wakati wa ukarabati. Hakuna aliyekuwa amekiiba, kilikuwa humohumo nyumbani. Watu ndio walioacha kukisoma.

Na kinachopotea kwa kutofundishwa hurudi kwa kufundishwa. Paulo anamkumbusha Timotheo imani isiyo na unafiki iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5), na mara tu baada ya hapo anamwagiza aichochee karama ya Mungu iliyo ndani yake. Neno "uichochee" ni la jikoni. Huchochei moto ambao haupo, wala huendi kuutafuta moto kwa jirani wakati makaa yako yangali chini ya majivu. Unainama, unapuliza, unaongeza kuni. Hata yule aliye mrithi wa kila kitu, anasema Paulo kwa Wagalatia, akiwa bado mtoto hana tofauti na mtumwa, naye huwa chini ya walezi mpaka wakati uliowekwa. Wewe una miaka miwili tu. Ukavu unaousikia unaweza kuwa huo, kwamba unatarajia maombi ya mzee wa miaka 70 kutoka katika kinywa cha mtoto wa miaka miwili.

Hapa ndipo pananisikitisha zaidi katika shauri ulilopewa. Kwa maelezo yako mwenyewe, mtu pekee aliye hai aliyeketi na babu yako hadi mwisho, aliyemsikia akiomba alfajiri, anayeitunza Biblia yake na madaftari yake, ni mama yako mkubwa. Kama ukoo wenu una Loisi, ni yeye. Umeambiwa kwamba ameuiba urithi, na mimi naona ameulinda kwa miaka yote ambayo ninyi wengine mlikuwa mbali. Ukimkata yeye, hapo ndipo urithi huo utapotea kabisa.

Tena kuna hatari ambayo lazima niitaje waziwazi. Katika Kanda yetu ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya tuhuma za namna hii, wengine wakitambuliwa kuwa wachawi kwa macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia kwa miaka mingi. Neno lililosemwa mtaani kwako Kirumba linaweza kuvuka maji kabla yako. Sheria ya Uchawi, ambayo tunayo tangu mwaka 1928, inamfanya mtu anayemtuhumu mwenzake kuwa mchawi kuwa mkosaji. Kwa hiyo usilirudie jina lake kwa yeyote, hata katika kikundi cha maombi. Na ukisikia ndugu yeyote analizungumza kwa hasira, mjulishe mwenyekiti wa kijiji chake na polisi siku hiyohiyo, usingoje uone.

Kuhusu usingizi na moyo kwenda mbio, nakuomba uende hospitali wiki hii, iwe Sekou Toure, Bugando au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Msiba wa mama, wazo la kukopa, na hofu ya kulogwa vinatosha kumnyima mtu usingizi, lakini pia shinikizo la damu, upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingoni huweza kuleta dalili hizohizo, nami siwezi kukupima kwa barua. Mweleze daktari kila kitu, pamoja na msiba. Na ikitokea maumivu ya kifua, kuzimia, au mawazo ya kutaka kufa, usingoje asubuhi.

Biashara kuyumba sitaki kuipa tafsiri ya kiroho. Wewe unajua kuliko mimi mbalamwezi inavyosimamisha mitumbwi, na mvua inavyowaozesha dagaa kwenye vichanja.

Lakini je, ukatae maombi yote ya kufunguliwa? La. Hapa makanisa yetu yanatofautiana, nami nakiri tofauti hizo ni za kweli. Wapo wanaoamini kwamba ubatizo na toba vinatosha, na wapo wanaofanya maombi maalumu ya kumkana shetani na mambo ya ukoo. Mimi niko karibu zaidi na wa kwanza, ila nimeona watu waliosaidiwa na maombi ya pili yakiwa yamefanywa kwa utulivu, mchana, mbele ya wazee wa kanisa, bila ada na bila kutaja mchawi. Kama bado unazo hirizi zako za utotoni, zichome wewe mwenyewe; waumini wa Efeso walichoma vitabu vyao vya uganga hadharani (Matendo 19:19), na tazama kwamba walichoma vya kwao, hawakwenda kuchoma vya jirani. Mtafute mchungaji wa kanisa lililo karibu nawe, lenye wazee wanaojulikana na hesabu zinazosomwa kwa washarika, uende na mama mmoja wa kanisa unayemwamini, usiende peke yako wala usiku. Ukiulizwa fedha kabla ya maombi, inuka uondoke kwa heshima. Yule mtumishi wa mtaani naye usibishane naye. Mwambie tu kwamba umeamua kushauriana na kanisa, na usimpigie tena.

Na kuna vitu ambavyo havitarudi. Miaka ya utoto wako karibu na babu haitarudi, wala hutamsikia mama yako akiimba nyimbo za baba yake. Yoeli 2:25 inaposema Mungu atarudisha miaka iliyoliwa na nzige, inazungumzia mavuno yatakayokuja. Nzige wenyewe walishakula. Lia kwa ajili ya hayo. Kulia huko hakumaanishi kwamba imani yako ni ndogo.

Ukishatoka hospitali na kupata nafasi, panda meli ya kwenda Nansio, bandari ya Ukerewe, na watoto wako. Mpelekee mama mkubwa kilo mbili za sukari na dagaa wako wasio na mchanga, umwamkie, ukae naye zaidi ya siku moja, na usimweleze habari za yule mtumishi isipokuwa ameuliza. Mwombe akuonyeshe Biblia ya babu, utazame aya alizopigia mstari na madoa ya vidole vyake. Muulize aliomba saa ngapi, alianzaje, alimtaja nani, na wimbo gani aliupenda kwa Kikerewe jua likizama. Washa simu urekodi sauti yake, kisha uandike maneno kwenye daftari jipya, na umwombe awafundishe watoto ubeti wa kwanza kabla hamjarudi Mwanza.